Ernie Davis: Nyota mweusi wa kwanza kutwaa Heisman aliyefariki bila kucheza mechi ya kulipwa

JIONI ya Desemba 6, 1961, jijini New York, kijana wa miaka 21 alisimama katika ukumbi wa Downtown Athletic Club kupokea sanamu ya shaba. Sanamu hiyo ni ya mchezaji aliyekumbatia mpira kwa mkono mmoja huku mkono wa pili ukimsukuma mpinzani asiyeonekana.

Kijana huyo alikuwa Ernie Davis wa Chuo Kikuu cha Syracuse. Sanamu yenyewe ilikuwa tuzo ya Heisman, ambayo hutolewa kila mwaka mwishoni mwa msimu kwa mwanafunzi anayehesabiwa kuwa bora zaidi katika kandanda ya Kimarekani vyuoni.

Tangu ianze kutolewa mwaka wa 1935, tuzo hiyo ilikuwa imepata washindi 26. Wote walikuwa wazungu. Davis ndiye aliyekuwa mtu mweusi wa kwanza kuibeba.

Siku hiyohiyo Rais John F. Kennedy alikuwa New York kwa shughuli nyingine, na akaomba kukutana na mshindi huyo. Mjukuu wa mchimba makaa ya mawe akapeana mkono na rais wa Marekani, kisha akaenda kuchukua tuzo yake.

Miezi 17 baadaye, Davis alikuwa kaburini.

Kwa msomaji aliyelelewa na soka ya Gor Mahia na AFC Leopards, inafaa kueleza kidogo. Kandanda ya Kimarekani ni jirani wa raga kuliko wa soka. Mpira wenye umbo la yai hubebwa mikononi, wachezaji 11 wa kila upande huvaa kofia ngumu, na uwanja hupimwa kwa yadi. Anayeufikisha mpira nyuma ya mstari wa mwisho wa wapinzani huwa amefunga tachidauni, yenye thamani ya pointi sita.

Davis alikuwa hafubeki, yaani mkimbiaji anayekabidhiwa mpira nyuma ya ukuta wa wenzake na kutakiwa kutafuta upenyo. Enzi hizo sheria zilizuia ubadilishaji wa wachezaji ovyo, hivyo mtu yuleyule alishambulia na kulinda. Aliyechoka hakuwa na pa kujificha.

Mchezo huo wa vyuo ulikuwa na ungali kama dini katika miji mingi ya Marekani, na Desemba ndiyo iliyokuwa kilele cha heshima zake. Kulikuwa na tuzo ya Maxwell iliyotolewa Philadelphia, ya Outland kwa majabali wa mstari wa mbele, ya shirika la habari la UPI, pamoja na vikosi bora vya taifa vilivyoteuliwa na magazeti na mashirika mbalimbali. Hata hivyo, juu ya zote ilikaa Heisman.

Mshindi wa Heisman huchaguliwa kwa kura za waandishi na watangazaji wa michezo waliogawanywa kwa maeneo ya nchi. Kila mpiga kura huandika majina matatu. Wa kwanza hupata pointi tatu, wa pili mbili na wa tatu moja.

Utaratibu huo unaonekana wa haki hadi mtu anapokumbuka Marekani ya miaka ya 1950 ilivyokuwa. Vyuo vikubwa vya majimbo ya Kusini havikuwa na mchezaji hata mmoja mweusi, na baadhi havikutaka hata kukutana uwanjani na timu yenye mweusi. Mpiga kura wa maeneo hayo hakuwa na sababu kubwa ya kuandika jina la mtu wa namna hiyo.

WALIOMTANGULIA

Mfano mmoja ni Johnny Bright wa Chuo Kikuu cha Drake, jimboni Iowa. Oktoba 20, 1951, timu yake ilipozuru Oklahoma A&M mjini Stillwater, mlinzi mmoja mzungu alimpiga kiwiko usoni ilhali Bright hakuwa na mpira wala hakuwa karibu nao. Taya lake lilivunjika. Wapiga picha wawili wa gazeti la Des Moines Register walinasa tukio hilo hatua kwa hatua, na picha hizo zikatunukiwa tuzo ya Pulitzer mwaka wa 1952.

Katika kura za Heisman, Bright aliambulia nafasi ya tano. Hakujiunga na ligi ya kulipwa ya kwao, bali alihamia Canada, akacheza huko kwa mafanikio makubwa na baadaye akawa mwalimu. Chuo kilichokuwa mwenyeji siku ile kiliomba radhi mwaka wa 2005, zaidi ya miaka 20 baada ya Bright kufariki.

Mfano wa pili unamgusa Davis kwa karibu zaidi. Mwaka wa 1956, Chuo Kikuu cha Syracuse kilikuwa na mkimbiaji aitwaye Jim Brown, ambaye wengi hadi leo humtaja kuwa bora kuliko wote waliowahi kuucheza mchezo huo. Kura za Heisman zilipohesabiwa, Brown alikuwa wa tano. Mshindi alikuwa Paul Hornung wa Notre Dame, timu iliyokuwa imeshinda mechi mbili na kupoteza nane msimu huo.

Hornung alikuwa mchezaji hodari, na hilo halina ubishi. Lakini nafasi ya tano kwa Brown ni vigumu kuielezea kwa hoja za mpira peke yake, na Brown mwenyewe hakuisahau.

MTOTO WA MIGODI

Ernest Davis alizaliwa Desemba 14, 1939, katika kijiji cha New Salem, jimbo la Pennsylvania, sehemu ya migodi ya makaa ya mawe. Hakumjua baba yake, aliyekufa katika ajali mtoto akiwa hajazaliwa. Alipotimiza umri wa miezi 14, mama yake, Marie, alimkabidhi kwa wazazi wake, Willie na Elizabeth Davis, katika mji wa karibu wa Uniontown.

Babu alikuwa mchimba makaa. Nyumba ilikuwa na watoto wengi na chakula cha kuhesabiwa, lakini ilikuwa na utaratibu, ibada na nidhamu. Waliomfahamu Davis utu uzima wake walizoea kusema kwamba upole wake ulitoka katika nyumba hiyo.

Alikuwa na kigugumizi. Mtoto mwenye kigugumizi hujifunza mapema kusikiliza kuliko kusema, na tabia hiyo ilibaki naye hata ulimi ulipolegea. Uwanjani ndiko hakuhitaji maneno.

Akiwa na miaka 12 alihamia Elmira, mji mdogo kusini mwa jimbo la New York, kuishi na mama yake aliyekuwa ameolewa tena. Huko alijiunga na shule ya upili ya Elmira Free Academy, na mji mzima ukaanza kumjua.

Alicheza besiboli, mpira wa vikapu na kandanda. Katika mpira wa vikapu, timu ya shule yake ilishinda mechi 52 mfululizo, na wapo wazee wa Elmira walioapa kwamba huo ndio mchezo aliouweza zaidi. Mwandishi wa michezo wa gazeti la mji huo, Al Mallette, ndiye aliyembandika jina la Elmira Express, akimfananisha na gari la moshi la mwendo kasi. Jina hilo lilimganda hadi kifo.

Alipomaliza shule mwaka wa 1958, vyuo kadha wa kadha vilimtaka. Kocha wa Syracuse, Ben Schwartzwalder, aliyekuwa mwanajeshi wa miamvuli katika Vita Vikuu vya Pili, alimfuata Elmira mara kwa mara. Hatimaye akamtuma mtu ambaye kijana huyo asingeweza kumkatalia, Jim Brown.

Kwa hakika Brown hakuwa ameyafurahia yote ya Syracuse. Alikuwa mweusi pekee katika timu alipofika huko, na alilazimika kupigania kila nafasi aliyopewa. Lakini alimweleza Davis kwamba mambo yangeweza kuwa tofauti kwake. Davis akakubali, na chuo kikampa jezi nambari 44, ileile aliyoivaa Brown.

(Wasomi wa historia ya Kenya hukijua chuo hicho kwa jambo jingine kabisa, kwani ndicho kilichohifadhi nakala za filamu za majalada mengi ya Hifadhi ya Taifa ya Nairobi.)

DALLAS

Sheria za wakati huo hazikuwaruhusu wanafunzi wa mwaka wa kwanza kuchezea timu kuu. Hivyo msimu wa kwanza wa Davis ulikuwa wa 1959, na ulikuwa msimu ambao Syracuse haijawahi kupata mwingine kama huo. Timu hiyo iliongoza taifa zima kwa mashambulizi na kwa ulinzi pia. Haikushindwa hata mechi moja, ikatangazwa bingwa wa taifa.

Kilele kilikuwa Januari 1, 1960, katika mchuano wa Cotton Bowl mjini Dallas, dhidi ya Chuo Kikuu cha Texas. Texas haikuwa na mchezaji mweusi. Ilikuja kupata mchezaji mweusi katika timu yake kuu mwaka wa 1970 tu, baada ya kutwaa ubingwa wa 1969 na kikosi cha wazungu watupu.

Davis alikuwa amejeruhi msuli wa nyuma ya paja mazoezini, na haikujulikana kama angemaliza mechi. Katika dakika za mwanzo kabisa, mwenzake Ger Schwedes alimrushia mpira, akaudaka na kukimbia hadi mwisho. Mpango huo ulikuwa wa yadi 87. Baadaye alifunga tena, akaongeza pointi za ziada mara mbili, na akiwa katika ulinzi akanasa mpira wa Texas uliozaa tachidauni nyingine. Syracuse ilishinda 23-14, na pointi 16 kati ya hizo zilikuwa za Davis, mguu ukiwa na maumivu.

Haikuwa mechi ya amani. Kabla ya mapumziko ngumi zilirushwa, na mchezaji mweusi wa Syracuse, John Brown, alisema alitukanwa kwa rangi yake. Wachezaji wa Texas walikana kwamba ubaguzi ndio uliokuwa chanzo. Brown huyo hakuwa ndugu wa Jim, ila jina lilifanana.

Davis alichaguliwa mchezaji bora wa siku hiyo. Usiku kulikuwa na karamu ya kukabidhi zawadi. Masimulizi ya wenzake yanatofautiana kidogo katika vipengele, lakini yanakubaliana katika kiini chake. Wachezaji weusi wa Syracuse waliarifiwa kwamba wangeweza kupokea tuzo zao, kisha waondoke, kwa maana sherehe iliyobaki haikuwa yao.

Mtu aliyefunga pointi 16 kati ya 23 alitakiwa achukue zawadi yake atoke nje. Wenzake wazungu walitaka timu nzima isusie. Davis hakupiga kelele. Alikuwa na umri wa miaka 20, na lipo jambo la kuhuzunisha katika jinsi alivyoonekana kutoshangaa.

Tabia hiyo ya utulivu imezua mjadala tangu hapo. Wapo waliomwona kuwa mpole kupita kiasi, wakimlinganisha na Jim Brown ambaye hakumeza neno. Wapo pia waandishi wazungu waliomsifu Davis kwa namna iliyomkandia Brown chinichini, kana kwamba mtu mweusi anastahili kuheshimiwa pale tu asipolalamika. Sifa ya aina hiyo haikuwa kosa la Davis, na haimtendei haki. Aliyesoma maisha yake ataona mtu aliyejua fika alikosimama. Mwanafunzi huyo ndiye aliyekuwa mweusi wa kwanza kujiunga na chama cha wanafunzi wa Kiyahudi cha Sigma Alpha Mu, wakati ambapo vyama vya namna hiyo vilikuwa vimejitenga kwa rangi na dini. Alivuka mipaka bila kutangaza kwamba anavuka.

KURA ZA 1961

Msimu wa 1960 Davis alikimbia yadi 877, wastani wa karibu yadi nane kila alipokabidhiwa mpira. Majina ya vikosi bora vya taifa yalipotoka, lake lilikuwemo. Katika msimu wake wa mwisho, 1961, alikimbia yadi 823. Kwa jumla ya miaka mitatu alifikisha yadi 2,386 na tachidauni 35, na kuzifuta rekodi za Jim Brown chuoni hapo.

Hata hivyo, ushindi wa Heisman haukuwa wa kukatia tikiti. Mpinzani wake mkuu alikuwa Bob Ferguson wa Ohio State, mkimbiaji mwenye nguvu za fahali, ambaye mwaka huohuo alitwaa tuzo ya Maxwell na ile ya UPI. Ferguson naye alikuwa mweusi. Wa nne alikuwa Sandy Stephens wa Minnesota, mweusi pia, aliyecheza nafasi ya kuongoza timu ambayo kwa miaka mingi ilidaiwa kuwa haiwafai watu wa rangi yake.

Davis alipata pointi 824, Ferguson 771. Tofauti ya 53 ilitosha.

Jambo hilo halitajwi sana, lakini lina uzito. Baada ya miaka 26 ya kuwapita weusi, wapiga kura walijikuta na watu watatu weusi kati ya wanne wa kwanza. Hakuna sheria iliyobadilishwa. Kilichobadilika ni kwamba vyuo vya Kaskazini vilikuwa na vijana weusi wengi zaidi uwanjani, na matendo yao yalionekana wazi mno kuweza kupuuzwa. Mwaka huo ndio basi la wapigania haki lilichomwa moto Alabama.

Siku 10 baada ya karamu ya New York, Davis alicheza mechi yake ya mwisho ya chuo, Liberty Bowl, mjini Philadelphia dhidi ya Miami. Syracuse iliponea chupuchupu kwa ushindi wa 15-14, naye akakimbia yadi 140. Hakuna aliyejua kwamba hiyo ndiyo ingekuwa mechi yake ya mwisho ya ushindani maishani.

KUUZWA NA KUNUNULIWA

Ligi ya kulipwa ya NFL ilikuwa na timu moja tu ambayo haikuwa imewahi kuchezesha mtu mweusi tangu ligi hiyo ilipofungua milango yake upya mwaka wa 1946. Timu hiyo ilikuwa Washington Redskins, na mmiliki wake, George Preston Marshall, hakuficha msimamo wake. Lakini uwanja mpya wa timu hiyo ulijengwa juu ya ardhi ya serikali kuu, na Waziri wa Mambo ya Ndani, Stewart Udall, akamwambia Marshall kwamba asipobadilika hataruhusiwa kuutumia.

Msimu wa 1961 Washington ilishinda mechi moja tu, kwa hivyo ikapewa haki ya kuchagua mwanzo kati ya wanafunzi wote wa nchi. Ikamchagua Ernie Davis. Akawa mtu mweusi wa kwanza kutajwa nambari moja katika uteuzi huo wa kila mwaka.

Hakuwahi kuivaa jezi ya Washington. Haki ya kumsajili ilibadilishwa na Cleveland Browns, iliyomtoa mkimbiaji Bobby Mitchell pamoja na mchezaji mwingine chipukizi, Leroy Jackson. Mitchell alikwenda Washington akavumilia matusi ya mashabiki na baadaye akaingizwa katika jumba la majagina wa mchezo huo.

Kwa Davis, Cleveland ilikuwa ndoto. Jim Brown alikuwa huko. Kocha Paul Brown alipanga kuwachezesha wawili hao bega kwa bega, nambari 44 wa kale na wa sasa wa Syracuse katika safu moja. Buffalo Bills ya ligi shindani ya AFL ilimtaka pia, lakini alichagua Cleveland, akahitimu shahada yake mwaka wa 1962 na kupewa jezi nambari 45.

Mwisho wa Julai 1962, Davis alikuwa Evanston, karibu na Chicago, akijiandaa na nyota wengine wa vyuo kwa mechi ya kila mwaka dhidi ya mabingwa wa NFL. Shingo ilivimba. Alichoka bila sababu. Mwanzoni ilidhaniwa ni matumbwitumbwi au maambukizi mengine ya kawaida, lakini vipimo vya damu vilisema jambo jingine. Ilikuwa saratani kali ya damu.

Wakati huo dawa zilizokuwepo ziliweza kuusukuma ugonjwa huo nyuma kwa muda mfupi tu. Mtu mzima aliyeupata alihesabiwa kwa miezi.

Davis hakuambiwa. Madaktari na mmiliki wa timu, Art Modell, waliamua kumficha kwanza, huku umma ukielezwa tu kwamba ana tatizo la damu. Leo uamuzi huo ungeleta kesi mahakamani. Wakati ule ulihesabiwa kuwa huruma. Kijana alibaki wiki kadhaa akiuliza lini atarudi mazoezini, ilhali waliomzunguka wakijua jibu.

Agosti 18, 1962, timu ilimtambulisha kwa mashabiki kabla ya mechi ya kirafiki jijini Cleveland. Taa za uwanja zilizimwa, mwangaza mmoja ukamfuata akikimbia kuingia uwanjani, na makumi ya maelfu ya watu wakasimama kumshangilia. Ndiyo mara pekee aliyoukanyaga uwanja huo mbele ya umati kama mchezaji wa Browns.

Mwanzoni mwa Oktoba aliambiwa ukweli. Ugonjwa ulikuwa umerudi nyuma kwa muda, na akajihisi mzima. Akaomba acheze.

Hapo palizuka mvutano uliogawanya timu. Modell alipata ushauri wa madaktari kwamba kucheza kusingemwongezea madhara, akataka apewe nafasi hata ya dakika chache. Kocha Paul Brown alikataa katakata. Wapo waliomlaumu kocha kwa moyo mgumu na wapo waliomshuku mmiliki kwa kutaka kuuza tiketi, na huenda kila upande ulikuwa na chembe ya ukweli. Davis hakuwahi kuingia mchezoni. Januari 1963 Modell alimfuta kazi Paul Brown, kocha aliyeiunda timu hiyo na kuipa jina lake. Hilo halikuwa jambo pekee lililowatenganisha, ila lilikuwa mojawapo.

Machi 1963, jarida la Saturday Evening Post lilichapisha simulizi ya Davis mwenyewe kuhusu ugonjwa wake. Wengi walitarajia kilio. Badala yake alikataa kuitwa mtu mwenye bahati mbaya, akieleza kwamba akitazama nyuma aliona amepewa mengi kuliko wengi wa umri wake.

Katikati ya Mei alipitia ofisini kwa Modell kuzungumza naye kidogo, pasipo kusema wazi kwamba anaaga. Alimwachia John Brown, rafiki wa Syracuse aliyekuwa akiishi naye Cleveland, kijikaratasi cha kumwarifu kwamba anakwenda hospitalini kwa siku chache. Asubuhi ya Jumamosi, Mei 18, 1963, alifariki usingizini. Alikuwa na miaka 23.

Nchini Kenya zilikuwa zimesalia wiki mbili kamili kabla ya Madaraka. Kusini mwa Marekani, mbwa na mabomba ya maji ya polisi wa Birmingham yalikuwa yametoka tu kuwaandama watoto weusi barabarani.

Mwili ulirejeshwa Elmira na kulazwa katika nyumba ya jumuiya aliyokuwa akichezea utotoni. Zaidi ya watu 10,000 walipita kutoa heshima zao za mwisho, weusi kwa weupe. Mabunge yote mawili ya Marekani yalimwomboleza. Alizikwa Mei 22 katika makaburi ya Woodlawn, alikozikwa pia mwandishi Mark Twain.

Cleveland Browns iliistaafisha jezi nambari 45 ambayo haikuwahi kuchezewa mechi hata moja. Mwaka wa 1979 aliingizwa katika jumba la majagina wa kandanda ya vyuo.

Miezi michache kabla ya kifo chake, Davis alikuwa amekutana na kijana aitwaye Floyd Little na kumshawishi aende Syracuse. Little alikuwa bado anasitasita baina ya vyuo kadhaa. Kwa mujibu wa masimulizi yake ya baadaye, aliposikia kwamba Davis amekufa alimpigia simu kocha Schwartzwalder na kumwambia anakuja. Naye alipewa nambari 44, akawa nyota wa tatu wa jezi hiyo.

Lakini Syracuse haikugeuka pepo kwa sababu ya Davis. Mwaka wa 1970, wachezaji weusi wa timu hiyohiyo, chini ya kocha huyohuyo, walisusia mazoezi wakidai haki sawa katika matibabu, masomo na nafasi za kucheza. Walisimamishwa, na baadhi wakapoteza ndoto zao za kucheza kulipwa. Chuo kiliwaomba radhi mwaka wa 2006. Kabla ya hapo, mwaka wa 2005, kilikuwa kimestaafisha nambari 44.

Filamu ya maisha yake, The Express, ilitoka mwaka wa 2008. Ilimrudisha Davis midomoni mwa vijana, ingawa ilitia chumvi. Kuna tukio linaloonyesha mashabiki wa West Virginia wakiwarushia Syracuse matusi na chupa ugenini mwaka wa 1959, ilhali mechi ya mwaka huo ilichezewa Syracuse kwenyewe. Wakazi wa jimbo hilo walilalamika, na kwa haki. Kisa cha Dallas kilitosha bila kuongezewa kingine.

Klabu ya Downtown Athletic ilifungwa baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001 yaliyoliharibu eneo lake, lakini tuzo iliendelea. Mike Garrett aliitwaa mwaka wa 1965, mweusi wa pili, na baadaye ikawa jambo la kawaida kiasi kwamba hakuna tena anayehesabu.

Jim Brown aliishi hadi miaka 87. Alifariki Mei 18, 2023, miaka 60 kamili, siku kwa siku, tangu kifo cha kijana aliyemshawishi kuvaa jezi yake.